Kioo cha Mlango wa Kushoto

Kwa miaka kumi na mmoja kioo cha mlango wa kushoto wa pikapu yangu kilishikiliwa na kabari ya mwarobaini. Niliichonga mwenyewe, urefu wa kidole, siku kioo kilipoporomoka ndani ya mlango tukitoka Pangani. Nilikivuta juu kwa viganja viwili, nikaipachika kabari, nikamwambia mke wangu, "Hii ya leo tu. Kesho nitaangalia."

Gari lenyewe ni Datsun 1200 ya mwaka 1975. Nililinunua kuukuu mwaka 1988, nikiwa mkuu wa shule. Wa rika langu wanaikumbuka miaka ile. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikuwa haba, na spea zilitafutwa kama dawa. Tulijifunza kuungaunga kwa waya na mpira wa ndani wa baiskeli, na kuungaunga kukawa tabia hata baada ya maduka kujaa. Methali ya ufa na ukuta nimeiandika ubaoni mara zisizo idadi. Nimefundisha walimu wanafunzi kutengeneza zana kwa vitu vinavyowazunguka. Mlango wangu je? Kabari.

Kabari haikukifikisha kioo juu kabisa. Palibaki upenyo wa vidole viwili, na kila shimo la barabarani liliuongeza. Barabara ya Pangani wakati huo ilikuwa ya vumbi jekundu, na mke wangu ana pumu. Alijifunga khanga puani, akanyamaza. Mara moja tu alisema, "Mwalimu, kesho yako ina jua lake."

Mwaka jana, wakati wa masika, kifua kilimbana usiku tukampeleka hospitali. Asubuhi daktari alimwuliza kama anakaa karibu na vumbi. Nilikuwa nimeketi kando yake. Mke wangu akajibu, "Vumbi la nyumbani tu, mwanangu." Mimi nikatazama viatu vyangu.

Aliporuhusiwa, nilipeleka gari kwa fundi kijana wa Ngamiani. "Shikamoo Mwalimu, leo injini?" "Marahaba. Leo kioo." Akacheka, kisha akaona sicheki.

Mkono wa kuzungushia kioo hushikwa nyuma yake na kipini cha waya, na wengi huuvunja kwa kuung'oa kwa bisibisi. Yeye alipitisha kitambaa nyuma ya mkono akakivuta huku na huku, kama mtu anayepiga kiatu rangi, mpaka kipini kikaruka. Akabandua hadibodi, na nyuma yake karatasi ya nailoni iliyokwisha kuoza. Chini ya mlango palikuwa na tope jekundu la kujaza kata. Mlango wa gari huingia maji hata ukiwa mzima. Ndiyo sababu una vitundu vya kuyatoa chini. Vyetu vilikuwa vimeziba, maji yakatuama, na hewa ya chumvi ya Tanga ikamaliza kazi.

Mafundi huiita mashine ya kioo, nayo si mashine ya kutisha. Ukizungusha mkono, gia ndogo husukuma chuma chenye meno, mfano wa upepeo. Chuma hicho hunyanyua mkono mrefu wenye rola nchani, na rola hutembea katika reli iliyoshika chini ya kioo. Springi iliyosokotwa husaidia kubeba uzito. Hiyo ndiyo ya kuogopwa: ukitoa ribeti bila kuufunga ule mkono kwanza, hujifyatua na kukukata vidole. Kijana aliufunga kwa waya kabla ya kugusa chochote. Nilimpa alama zote kimoyomoyo.

Ubovu ulikuwa rola iliyolika ikatoka relini, na meno matatu yaliyosagika. Rola alichonga kutoka bushi kuukuu ya nailoni. Meno aliyajaza kwa kuchomelea, akayapiga tupa, akijaribu gia kila mara. Tukazibua vitundu, tukapaka grisi, tukaweka nailoni mpya. Nilitazama saa: saa tatu hazijatimia, pamoja na chai.

Jioni nilimpeleka mke wangu Raskazone apate hewa. Hakuambiwa kitu. Alipoketi mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kabari, haukuikuta. Akazungusha kioo mpaka juu, akasikiliza kimya kilichoingia ndani ya gari. Kisha akakishusha chote, upepo wa bahari ukampiga usoni.

"Kabari iko wapi?" akauliza.

Nilikuwa nayo mfukoni. Aliipokea, akaifunga katika pindo la khanga.

"Hii nitaitunza mimi," akasema. Hajaniambia ya nini.