Samaki amepona, nyumba yake bado inaumwa

Sisi watu wa Uvira samaki tunamjua. Tunamjua akiwa ndagala ameanikwa juani, tunamjua akiwa mgebuka ndani ya sufuria. Lakini samaki wa kufugwa nyumbani ndani ya tangi la kioo, anayelishwa na haliwi, huyo mimi nilimjua kupitia mdogo wangu. Alipita kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, na leo anaishi Marekani, jimbo la Kentucky. Alinunua tangi lililokwisha kutumika, akatia maji ya chumvi kama ya bahari, mawe, matumbawe, uduvi wawili na samaki watano. Mama alipoona picha kwenye simu aliuliza tu: "Na mutawakula siku gani?"

Samaki hao walishikwa na ugonjwa, na kila wiki mdogo wangu alinitumia sauti kunieleza. Nawaletea habari hiyo kwa sababu inagusa jambo linalosumbua familia nyingi hapa kwetu, hasa zile zilizokimbia vita na mafuriko.

Ilianza alipoongeza samaki wa sita. Baada ya siku chache waliota madoa meupe kama punje za chumvi, wakawa wanajisugua kwenye mawe na kuhema mbio mbio. Kisha madoa yakatoweka. "Yaya, wamepona wenyewe," aliniambia. Muda si mrefu madoa yakarudi, mengi kuliko mwanzo, na samaki wawili wakafa.

Kidudu chenyewe wataalamu wanakiita Cryptocaryon irritans. Kinakaa kwenye ngozi na mashavu ya samaki siku tatu hadi saba, kinashiba, kisha kinashuka chenyewe. Hapo ndipo mwenye samaki anadhani wamepona. Kumbe kimejificha kwenye mchanga na mawe, kimejifunga ndani ya ganda, kinajigawa. Kutoka ganda moja vinaweza kutoka vidudu vingi sana, vinavyoogelea kutafuta samaki. Visipompata kwa siku moja au mbili, vinakufa.

Dawa ya shaba inaua vile vinavyoogelea tu. Vilivyo ndani ya ngozi na vilivyo ndani ya ganda haivifikii. Tena inaua uduvi na matumbawe. Kwa hiyo mdogo wangu alihamisha samaki wote wanne waliobaki kwenye tangi jingine lisilo na mawe wala mchanga, akawatibu humo, akipima shaba kila siku: ikipungua haisaidii, ikizidi inaua samaki wenyewe. Tangi kubwa akaliacha bila samaki kwa siku 76, maana ganda limewahi kuonekana likitoa vidudu hata baada ya siku 72. Mmoja wa samaki hakuwa na doa hata moja. Rafiki yake akamwambia amwache huyo mahali pake. Akakataa, kwa sababu samaki mmoja anatosha kulisha ugonjwa mpaka wengine warudi. Siku zilipotimia aliwarudisha wote wanne, na madoa hayakuonekana tena.

Sasa tuje kwetu. Upele, ambao wengi tunauita gale, unaletwa na kidudu cha aina nyingine kabisa, lakini kinatumia ujanja unaofanana. Nilifika kwa mama mmoja anayelala na watu tisa chini ya turubai moja. Alikuwa amepewa chupa moja ya dawa kwa mtoto mmoja, yule aliyejikuna. Mtoto alipata nafuu, akarudi kulala kwenye blanketi lile lile na ndugu wale wale, na upele ukarudi. Majirani wakasema huyo mama ni mchafu. Si uchafu. Mtu anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki mbili hadi sita bila kujikuna, na huku anaambukiza wenzake. Ni yule samaki asiye na doa.

Kwa hiyo, wazazi: wote wanaolala pamoja wapakwe dawa siku moja, hata wasiojikuna, na warudie kama muuguzi atakavyosema. Kwa mtoto mchanga na mama mjamzito, muulizeni kwanza muuguzi. Nguo na mablanketi ya siku hizo yafuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Kama maji au sabuni hakuna, yafungwe vizuri ndani ya mfuko wa plastiki kwa angalau siku tatu, wiki moja ni bora zaidi. Kidudu cha upele hakiishi siku nyingi mbali na ngozi ya mtu. Na jueni kwamba kujikuna kunaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya dawa kufanya kazi. Msikimbilie kujipaka tena na tena bila kuuliza.

Kwa wale wanaogawa dawa kambini: kabla ya kutoa chupa, ulizeni mtoto huyu analala na nani. Hesabuni watu wa turubai nzima. Chupa moja kwa mtoto mmoja inaonekana kuokoa dawa, lakini baada ya mwezi mama yule yule atakuwa tena mlangoni, na safari hii na watoto wanne.