Niliandika "Uwezekano Mdogo"

Ripoti yangu ndiyo iliyolifungulia tingatinga njia. Wenzangu wamejaribu kunifariji kwamba kiwanja kile kingechimbwa tu, iwe kuna ripoti au hakuna. Huenda. Lakini sahihi iliyo chini ya karatasi ile ni yangu, na maneno "uwezekano wa kuwapo mabaki ya kale ni mdogo" niliyaandika mimi, mtu niliyesomea akiolojia na ninayeipenda.

Kiwanja kiko kisiwani Mombasa, kaskazini ya Mji wa Kale, nje ya mpaka wa hifadhi. Niliuchukulia mpaka huo kana kwamba historia nayo inakomea hapo, ilhali nilijua sivyo. Mwanaakiolojia Hamo Sassoon alichimba katika eneo la Hospitali Kuu ya Pwani, na makala aliyoichapisha mwaka 1980 ilionyesha kuwa watu waliishi pale karne nyingi kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Mvita, yaani Mombasa ya kale, ile iliyochomwa na Wareno mwaka 1505, ilienea kaskazini kupita mitaa wanayotembezwa wageni leo. Makala hiyo niliitaja katika ripoti, kisha nikahitimisha kama mtu asiyeisoma.

Upande mmoja wa kiwanja ulikuwa na nyumba ambazo wapangaji hawajahama, upande wa pili watu waliegesha magari. Mashimo ya majaribio niliyachimba yote kwenye maegesho, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsumbua na mwenye mradi alitaka jibu upesi. Chini ya lami nikakuta kifusi cha juzijuzi, vipande vya saruji na chupa za soda, na chini yake mawe ya matumbawe yaliyobanana. Nikasema huu ndio mwamba. Baadhi ya mawe yale yalikuwa yameshikanishwa kwa chokaa ya waashi, na mwamba wa asili hauna chokaa ya waashi. Niliiona. Jua lilikuwa kali, siku za kazi zimekwisha, nikaamuru mashimo yafukiwe.

Bibi mmoja mpangaji aliniambia, "Mwanangu, hapa tukichimba choo hutoka vigae vya sahani za watu wa zamani." Nilimshukuru. Sikumwuliza choo hicho kilichimbwa wapi wala kilifika kina gani, na maneno yake hayamo popote katika ripoti. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, maana ushahidi uliletwa hadi mkononi mwangu.

Wapangaji walipohamishwa na nyumba kubomolewa, mashine ya kuchimba ilishuka chini ya pale zilipokuwa. Nilipofika, ukuta wa shimo ulikuwa wazi: tabaka la majivu na mifupa ya samaki, sakafu ya chokaa, chini yake tabaka jingine. Kwenye udongo uliopakiwa malorini nikaona vigae vya vyungu vya kwetu vikichanganyika na vya kijani kutoka China. Kigae kikiwa ndani ya tabaka lake huweza kutueleza kilivunjika lini, nyumbani mwa nani, pamoja na nini. Kikishamwagwa na lori, ni kipande cha chombo tu. Niliomba kazi isimame. Nilijibiwa kwa heshima kwamba kibali kilitolewa kwa kufuata ushauri wangu. Nilichoweza ni kupiga picha za ukuta uliobaki na kuuchora, hadi walipomimina zege.

Ningepaswa kuandika kwamba chini ya zile nyumba sijapima, na kupendekeza mitaro ichimbwe mara tu zitakapobomolewa, kabla ya msingi. Ingeuchelewesha mradi, na hicho ndicho nilichoogopa kukisema.

Jengo limesimama, lakini ripoti ingali hai. Nimeikuta ikinukuliwa katika tathmini ya kiwanja jirani, kuthibitisha kwamba nacho hakina kitu. Nimewaandikia wahusika kuifuta kauli yangu, nimeambatanisha picha na michoro, na nimeomba mitaro ichimbwe pale hadi kwenye udongo usioguswa na mtu. Jibu bado halijaja, na ua wa mabati umeshaanza kuzungushwa.