Dumu limenifundisha kuogelea

Leo nakiri. Nimezaliwa Bukoba, Ziwa Victoria nimeliona kila asubuhi, digrii ninayo, lakini kuogelea sikujua. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea kwetu, wakafa mamia ya watu. Mimi nilikuwa sijazaliwa, ila sheria ya nyumbani ilibaki ileile: mtoto haendi ziwani. Mama alijua ananilinda.

Mwezi uliopita mhariri alinituma Muleba kuandika habari ya mvuvi aliyezama mita chache tu kutoka mwaloni. Wenzake wakaniambia hakujua kuogelea. Mvuvi, jamani! Niliandika aya nne, zikatoka ukurasa wa ndani, basi.

Jioni nikaona watoto wanacheza majini na yale madumu ya njano ya lita 20, matupu, vifuniko vimekazwa. Nikavua shati, nikalikumbatia moja. Likageuka, nikanywa maji. Dogo wa kama miaka kumi akacheka: "Anko, usilipande! Lishike mbele, halafu ulale."

Nikanyoosha mikono, nikalaza kifua, nikapiga miguu. Dumu likatulia. Kumbe linajibu! Ukikosea linakuangusha hapohapo, ukipatia linakubeba.

Nilivyozidi kuzoea, dogo akawa analitia maji kidogo kidogo. Likiwa tupu, maji hulisukuma juu kwa nguvu ya karibu kilo 20. Ukitia lita 15, zinabaki kama 5 tu, zilizobaki unajitafutia mwenyewe. Siku ya tatu nililiacha, nikaenda mita tano peke yangu. Nilipiga kelele kama mtoto.

Mwaka 2013 kampuni ya Babolat ilitoa raketi ya tenisi yenye sensa za kumwonyesha mchezaji mpira umegonga wapi. Safi sana. Lakini dumu nalo linakusahihisha, tena bila betri. Linachokosa ni mtu mzima wa kusimama pale, maana likikuponyoka kwenye kina, limekwenda.

Ndege ilipoanguka ziwani hapa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wakafa 19 kati ya watu 43, wavuvi ndio waliowahi kuokoa. Sisi wengine tulisimama ufukweni tukitazama. Kwa nini? Kwa sababu tulilindwa sana.

Jumamosi nampeleka mdogo wangu. Dumu tayari ninalo. Mama bado sijamwambia.