Natafuta Mkilua

Kuna mzee anayeuza miche kando ya Ngong Road ambaye nadhani amechoka nami. Akiniona nashuka kwenye matatu anaanza kutikisa kichwa kabla hata sijavuka. "Siz, bado haijafika," ananiambia, utadhani mkilua ni mzigo uliokwama Mtito Andei. Halafu ananiuzia kitu kingine. Hivyo ndivyo nilivyopata mrehani, rozimeri, mishubiri miwili na kaktasi moja ambayo mpaka leo sijui kama iko hai au imenyamaza tu.

Mkilua ni mti mdogo wa pwani. Ua lake ndilo kilua. Ni wa ukoo mmoja na mstafeli, mtopetope na mlangilangi, na ukinusa kilua unaamini undugu huo: ni kama tunda lililoiva sana ambalo mtu amelisahau kwenye sanduku la nguo za harusi. Wanawake wa pwani hukitia kwenye kikuba, kile kishada kidogo cha vitu vinavyonukia ambacho mwanamke huvaa nyweleni au kifuani. Kuna asumini, mrehani, vipande vya mkadi, waridi likipatikana, na kilua kwa mwenye bahati. Nyanya yangu alikuwa akitunga vikuba, nyumbani Likoni. Alhamisi na Ijumaa za msimu wa harusi hukuweza kukaa kwenye mkeka wake bila kukalia petali za mtu.

Mimi nakaa Nairobi, orofa ya nne, kwenye keja ya chumba kimoja. Roshani yangu ni ya hatua mbili kwa nne, na nusu yake imeshikwa na kamba ya nguo.

Nilianza kupanda vitu mwaka nilioacha chuo. Nilikuwa mwaka wa tatu. Sitaki kuifanya hadithi ndefu: karo ilichelewa, nikakosa mitihani, kisha karo ilipopatikana nikagundua sitaki kurudi. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo ngumu kusema. Watu wanakuhurumia ukisema pesa zilikosekana. Ukisema ulichoka, wanatafuta mahali pengine pa kuangalia. Nilikuwa nimeanza kuandika makala za kulipwa kwa neno, vitu kama namna ya kusafisha tangi la maji, au dalili kumi kwamba betri ya gari inakufa. Sina tangi. Sina gari. Wiki zingine sikuongea na mtu yeyote isipokuwa mama mboga, na siku moja nikachukua mizizi ya dania aliyoniuzia nikaichomeka kwenye debe la rangi. Ikashika. Sijui nikwambie nini, lakini asubuhi ile niliamka mapema bila alamu ili nikaiangalie.

Ukishapata dania unataka nyanya. Ukishapata nyanya unataka kitu ambacho jirani hana. Mwisho wake unajikuta Jumamosi nzima uko kando ya barabara ukiuliza kuhusu mti ambao hakuna aliyewahi kuusikia.

Nairobi ina vitalu vingi sana, na vingi viko kwenye ukingo wa barabara: Ngong Road, Kiambu Road, Thika Road, Lang'ata. Ardhi si yao. Barabara ikipanuliwa, wao huwa wa kwanza kuhama, wakipakia miche kwenye mkokoteni na kwenda kuanza upya mbele kidogo. Nilidhani vitalu vingi maana yake ni mimea mingi, lakini ukizunguka kumi unaona ni kitalu kimoja kilichorudiwa mara kumi. Bogenvilia, mitende ya mapambo, parachichi za kupandikizwa, lavenda, ile mimea ya ofisini yenye majani kama panga. Yule mzee ndiye aliyenieleza sababu. Vipandikizi vingi vinatoka kwenye bustani za watu. Kijana anayekata fensi ya maua kwa tajiri anakusanya matawi, na badala ya kuyatupa anayauza. "Kile kinachokatwa Lavington ndicho kinachouzwa hapa," akaniambia. "Kama hakuna tajiri amekipanda, mimi nitakitoa wapi?"

Kiambu Road nilipata mtu aliyekitoa. Nilimwonyesha picha kwenye simu, akaitazama sekunde moja, akasema, "Hiyo ninayo, madam." Akaingia nyuma ya miche yake, akarudi na mche wenye majani ya kijani kibichi, yanayong'aa, umefungwa kwa kipande cha gunia. Shilingi mia sita. Nilimshusha hadi mia nne na hamsini na nikajiona mjanja. Niliulea mche ule miezi minne. Niliutia samadi, niliukinga na upepo, niliuhamisha kila mchana kufuata jua. Siku moja jirani yangu, ambaye kwao ni Murang'a, alikuja kuazima kamba ya nguo. Akasimama akauangalia, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kwani umeanza kulima kahawa?"

Bado ninao. Siwezi kuutupa, haujanikosea kitu. Na wanasema kahawa ikichanua inanukia karibu kama asumini.

Baada ya hapo nikaamua kutafuta kwa akili. Nilienda kitalu cha miche ya kiasili karibu na msitu wa Karura, ule ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakiutetea usigawanywe. Mwanamke niliyemkuta aliniuliza jina la kisayansi, nami nilikuwa nimejiandaa: Uvariodendron kirkii. Aliniambia, kwa upole wa mtu anayejua kazi yake, kwamba miche yao ni ya huku juu. Akanionyesha muringa, muhugu, mgumo. Miti mizuri, miti ya kuishi kuliko mimi, na hakuna hata mmoja unaoweza kukaa kwenye debe la rangi. "Huo wako ni wa chini," akasema, akionyesha kwa kidole upande wa bahari, kana kwamba ningeweza kuiona kutoka pale.

Kwenye matatu nikawaza juu ya hilo jina la mwisho. Kirk alikuwa daktari wa Kiskoti, mtaalamu wa mimea, baadaye balozi wa Uingereza Zanzibar. Mkadi pia una jina lake: Pandanus kirkii. Kwa hivyo miti miwili ya kikuba cha nyanya yangu imeandikwa vitabuni kwa jina la mzungu mmoja, na nyanya yangu hajawahi kumsikia. Nilitaka kumpigia nimwambie. Angecheka. Nilitoa simu, nikairudisha.

Aliyenishika ni yule mzee wa Ngong Road. Ilikuwa mara yangu ya saba au ya nane. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniuliza, "Huu mti ulisema unamea wapi?"

"Pwani."

"Na wewe kwenu ni wapi?"

"Likoni."

Akaniangalia. "Sasa kwa nini unanisumbua mimi? Kwani nyumbani hawana?"

Nikajibu kitu kuhusu nauli. Ilikuwa uongo. Kwa hesabu ya haraka, nilikuwa nimetumia kwenye miche na matatu pesa za kwenda Mombasa na kurudi mara tatu.

Ukweli ni huu. Muhula wangu wa kwanza chuoni ulilipwa kwa vikuba. Mamangu alikuwa hana kazi mwaka ule, na nyanya alitunga msimu mzima wa harusi, usiku akitumia tochi ya simu umeme ukikatika, akaweka pesa kwenye kopo la maziwa ya unga mpaka zikatosha. Nilikuwepo alipozihesabu. Zilikuwa noti za hamsini na mia, na zilinukia. Tangu niache chuo sikuwa nimekanyaga Likoni, miaka miwili na nusu. Kwenye simu aliponiuliza masomo yanaendeleaje nilisema, "Alhamdulillahi, nyanya." Hilo si jibu, lakini linapita.

Kwa hivyo nilikuwa natafuta mkilua kila mahali isipokuwa pale nilipojua upo. Mtu akiniambia hivyo kuhusu mtu mwingine ningecheka.

Nilimpigia usiku ule. Nikamwambia yote, na lile la kuchoka pia. Akanyamaza muda mrefu hadi nikaangalia kama salio limeisha. Kisha akasema, "Mimi nilijua umeacha. Sikujua kwamba utachukua muda huu wote kuniambia." Na akakata. Hakunisamehe, kama ndicho unachongoja. Siku ya tatu akatuma ujumbe kupitia kwa binamu yangu: mti wa jirani tuliokuwa tukichuma umekatwa, kiwanja kimeuzwa na sasa kuna ghorofa, lakini kuna mwanamke Tiwi anao. Nije kabla ya mvua.

Nikaenda. Nilipomwamkia alinipa mkono wake nikaubusu, lakini hakuniambia nimekonda, na nyanya anayeacha kukwambia umekonda ana jambo moyoni. Asubuhi tukapanda matatu ya Ukunda hadi Tiwi. Yule mwanamke alikuwa na mkilua mmoja nyuma ya nyumba, karibu na bafu ambapo maji humwagika, na chini yake kulikuwa na miche midogo iliyoota yenyewe. Akang'oa mmoja na udongo wake, akautia kwenye kopo. Akasema shilingi mia tatu. Mimi, kwa mazoea ya Kiambu Road, nikafungua kinywa.

"Lipa," nyanya akasema. "Usimpunje. Mti si bure. Na kusoma hakukuwa bure."

Nikalipa. Mwenye mti akajifanya kutafuta kitu ndani ya nyumba.

Tukiwa njiani kurudi, kopo likiwa mapajani mwangu, akaniuliza, "Sasa unafanya nini huko?" Nikamwambia naandika. "Wanakulipa?" Wakati mwingine. "Kwa mwezi?" Hapana, kwa kila makala, zikija. Akafikiri kidogo. "Kama vikuba," akasema. Hakulisema kwa kunisifu. Alilisema kama mtu anayejua kazi ile inavyokuwa msimu ukiisha. Kisha akasema, "Nisomee." Kitu pekee kilichokuwa kwenye simu yangu bila kuhitaji intaneti ni ile makala ya tangi la maji. Nikamsomea. Alilala kabla sijafika hatua ya tatu, kichwa chake kikiwa begani mwangu, na sikusogea mpaka tulipofika feri.

Sasa ni Julai. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na baridi ya mwezi huu haina adabu. Mchana mkilua unakaa roshani, kando ya kahawa. Usiku naingiza ndani, naufunika kwa chupa ya maji ya lita tano niliyoikata kitako. Ulikuja na majani manane. Wiki ya pili moja likadondoka, na wiki hii jingine.

Jumapili nyanya hupiga. Haanzi na salamu siku hizi.

"Majani mangapi?"

"Sita."

"Unautia maji mengi. Mti ukiona baridi hautaki kunywa. Uache." Kisha, baada ya kimya: "Na makala?"

"Mbili wiki hii."

"Wakulipe kwanza."

Nilimpelekea mzee wa Ngong Road picha. Akavaa miwani, akaikuza kwa vidole viwili, akaangalia ncha ya juu ambapo kuna kitu kidogo cha kijani ambacho huenda ni jani na huenda si kitu. Akasema nikivuka Agosti nao, utashika. Akasema ukishakuwa mkubwa nimletee vipandikizi vitatu, atauza mia tano kila kimoja, tugawane. Nikamwambia ni mti wa kuchukua miaka. Akaangalia barabara, mahali ambapo wameshaanza kupiga alama za rangi nyekundu kwenye ukingo, karibu kabisa na miche yake.

"Sawa tu," akasema. "Utanitafuta. Sitakuwa mbali."