Kisumu au Eldoret? Safari ya Mtu wa Nyamarambe

Mtu wa Nyamarambe akitaka kutoka Gusii bila kufika Nairobi, miji miwili humvuta: Kisumu na Eldoret. Yote ilikuzwa na reli na viwanda, ikayumba viwanda vilipofungwa, na sasa imeinuka. Mwenye siku chache na nauli ya kuhesabu hawezi kuimaliza yote miwili. Lazima achague.

Njia ni moja mpaka Ahero. Unaacha miwa na mitambo ya sukari nguru ya Mugirango Kusini, unapita mji wa Kisii, Oyugis na Sondu, kisha unateremka kwenye mpunga wa uwanda wa Ahero. Hapo wa Kisumu hushika kushoto. Wa Eldoret hushika kulia hadi Awasi, akaingia Chemelil na kupanda Nandi Hills katikati ya majani chai, kisha Kapsabet.

Tuanze na Eldoret. Kiwanda cha nguo cha Rivatex kilianzishwa miaka ya 1970. Miaka ya 1990 soko la nchi lilifunguliwa, mitumba ikajaa, na mwishowe mashine zikanyamaza. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, na Juni 2019 mitambo mipya, iliyopatikana kwa mkopo wa India, ikazinduliwa. Ni habari njema kwa mkulima wa pamba, lakini msafiri ataona ukuta na lango tu. Kinachoonekana barabarani ni kazi nyingine kabisa: mbio. Amka alfajiri uende Kaptagat, anakofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, au Iten, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, ukaone makundi ya wanariadha yakikupita kama upepo. Zawadi za marathoni za ng'ambo zimejenga hoteli na maghorofa mengi ya mji huu, ambao ulipewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Mursik, maziwa ya mgando ya huko, ni ya kuonjwa, na bonde la Kerio ukilitazama kutoka Iten halichoshi macho.

Hata hivyo, sisi Wagusii tumeyazoea mengi ya hayo. Baridi ya asubuhi tunaijua, chai tunaichuma, na mbio si ngeni kwetu: Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki ni Naftali Temu wa Nyamira, aliyeshinda mita 10,000 huko Mexico City mwaka 1968. Eldoret ni nyumbani kulikokuzwa. Safari ya kwanza yafaa ikupeleke usikokujua.

Kisumu ndiko huko. Ukiteremka hadi mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, joto linakupokea, kisha ziwa linafunguka mbele yako mpaka macho yanakosa pa kuishia. Mji huu ulizaliwa reli ya kutoka Mombasa ilipofika ziwani mwaka 1901, ukaitwa Port Florence. Mwaka mmoja kabla ya hapo, meli iliyoitwa William Mackinnon, iliyoletwa kwa vipande kutoka Uingereza, ilikuwa imekwisha kuunganishwa na kuingizwa majini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, bandari ilianza kudhoofika, na miaka ya 1990 kiwanda cha nguo cha KICOMI nacho kikafungwa.

Kinachonivuta ni jinsi ulivyofufuka. Kule Manchester, Uingereza, stesheni ya reli ya mwaka 1830 imegeuzwa makumbusho. Kisumu, badala yake, imerudisha vyombo vyake vya zamani kazini. MV Uhuru, meli ya miaka ya 1960 iliyokuwa imelala gatini, ilirudi mwaka 2019 ikipeleka mafuta Port Bell, Uganda. MV Uhuru II ikaundwa hapohapo, kama ilivyofanywa kwa William Mackinnon. Desemba 2021 treni ya abiria kutoka Nairobi ikaingia tena mjini. Haya yote yako wazi kwa macho ya mpita njia, na treni unaweza kuipanda mwenyewe.

Ufufuo huo ulikuwa na bei yake. Vibanda vya samaki vya Lwang'ni, vilivyojaza watu ukingoni mwa maji, vilibomolewa kupisha kazi hiyo. Kwa hiyo samaki mle Dunga, kusini mwa mji, ambako wavuvi hutia nanga kando ya mafunjo. Agiza ngege (tilapia) mzima na ugali, ule kwa mkono. Jua likianza kupoa, kodi mashua mkatafute viboko, lakini patana bei kabla ya kupanda, na udai jaketi la kuokolea.

Basi hukumu yangu ni hii: mwenye watoto, na asiyewahi kuliona ziwa, aende Kisumu. Atoke Nyamarambe asubuhi na mapema, alale usiku mmoja walau, na aulize ratiba ya treni kabla ya kujiahidi kuipanda. Masika yakizidi, aulizie pia hali ya barabara ya Ahero, maana mto Nyando hufurika. Eldoret imfae kijana anayekimbia, au yeyote atakayerudi kutoka ziwani na bado ana nauli.