Mizani ya Ubuyu

Ubuyu ni utamu wa fedha kidogo. Buyu lililokomaa hupasuliwa ganda lake gumu, na ndani hukutwa kokwa zilizofunikwa na unga mweupe wenye uchachu. Mpishi huchemsha sukari kwa maji kidogo, akatia rangi nyekundu, iliki, chembe ya chumvi, na pilipili kwa wanaoipenda. Shira ikianza kunata, kokwa humiminwa na kukorogwa bila ya kupumzika, mpaka kila moja ivae vazi lake. Zikipoa hutiwa katika vifuko, zikauzwa barazani. Unguja huitwa ubuyu; Mombasa huitwa mabuyu. Huku na huko, mtoto aliyekula hawezi kukana, kwani ulimi wake mwenyewe humtolea ushahidi.

Kitu hiki kinachodharauliwa kuwa cha kitoto kimekwisha kuikopesha lugha. Vijana wa mijini Tanzania wanapotaka kusimuliwa habari za chini kwa chini, huambiana "lete ubuyu", na mwenye habari hutakiwa "aumwage". Istiara hiyo haikutungwa na mtu asiyeonja. Ubuyu haushibishi, hauachiki, na haunogi ila kwa kuliwa na wenzi. Umbea ni hivyo hivyo. Basi ikiwa kokwa hizi zimeweza kuwatungia watu msemo, si ajabu zikimfunza mtoto kutunga shairi.

Katika nyumba moja ya Ng'ambo, mjini Unguja, aliishi bibi aliyekuwa akipika ubuyu wa kuuza, pamoja na mjukuu wake wa kike aliyekuwa darasa la saba. Jioni moja binti alirudi skuli na daftari lenye maandishi ya wino mwekundu: mstari haukutimia mizani. Mstari wenyewe ulikuwa huu: *Bibi kapika ubuyu, mwekundu wa sukari.*

"Bibi, shairi langu limepungua mizani," alisema.

"Mizani ya wapi tena, mjukuu wangu? Ya dukani?"

Binti alicheka. Lakini bibi hakukosea. Neno ni lile lile moja, lililotoka Kiarabuni, na maana yake ya asili ni chombo cha kupimia uzito. Muuza sukari ana mizani yake na mshairi ana yake, na kila mmoja huona haya kumpunja mteja.

Waama, mizani ina historia ya mabishano katika ushairi wa Kiswahili. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu chake cha *Sheria za Kutunga Mashairi*, na vizazi vya washairi vikajifunza humo kanuni za fani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya *Kichomi*, yenye mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, na wataalamu wakagawanyika makundi mawili. Kila kundi lilikuwa na hoja zake nzito. Lakini wakati wakubwa wakijadiliana kama kanuni ibaki au iondoke, mtoto wa darasani aliachiwa alama ya kosa tu. Aliambiwa kwamba amepungukiwa. Hakuonyeshwa alichopungukiwa nacho. Na mtoto anayeaibishwa na shairi mara mbili tatu hulikimbia, naye akishalikimbia, si rahisi kumrejesha.

Uvunguni mwa kitanda palikuwa na bao la marehemu babu. Bao letu lina safu nne, kila safu mashimo manane, na kete zake zote ni 64. Mwanafunzi wa bao huanzia mchezo wa kujifunza, ambao hupangwa kete mbili katika kila shimo. Shairi lililozoeleka zaidi kwetu nalo lina mishororo minne katika ubeti, kila mshororo mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Ukizijumlisha, utapata 64. Safu moja ya bao la kujifunza ni mshororo mmoja kamili.

Binti alilitoa bao. Badala ya komwe alichukua kokwa kavu ambazo hazijapikwa, akaanza kuzipanga mbili mbili, huku akitamka silabi moja kwa kila kokwa. Penye kina alitaka kuweka kokwa nyekundu yenye sukari.

"Hizo ni za watu," bibi alimkanya. "Tena zitanata. Bao la babu yako hilo."

"Nipe nane tu, bibi. Vina vyote ni vinane."

Alipewa nane, kwa kuhesabiwa.

Safu ya kwanza ilipokwisha, shimo la nane lilikuwa na kokwa moja, nayo ni ile nyekundu, imekaa peke yake. Hapo ndipo binti alipouona kwa macho upungufu ambao wino haukuweza kumweleza. Bibi, aliyesoma chuoni lakini hakuwahi kukaa skuli, hakuhesabu kitu. Aliusema mstari kwa sauti, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Unachechemea hapa penye *wa*. Sema *wenye*."

Kokwa ya pili ikaingia shimoni. Haba na haba hujaza kibaba. Kabla ya adhana ya Magharibi safu tatu zilikuwa zimejaa, na ya nne ikawashinda wote wawili. Mwishowe bibi aliitoa yeye, akiwa anakoroga shira na mgongo kaugeuza. Ubeti ukawa hivi:

*Bibi kapika ubuyu, mwekundu wenye sukari,*
*Kokwa ni mwana wa mbuyu, kavalishwa kwa fahari,*
*Mpe yule, mpe huyu, ugawe bila kiburi,*
*Utamu ukiyeyuka, kokwa hubaki na siri.*

Kina cha kati cha mshororo wa mwisho kimebadilika, na kituo kina ruhusa hiyo. Bibi hakuijua kanuni kwa jina. Aliijua kwa sikio, kwa kuwa amekua akisikia watu wakiimba.

Hakuna anayedai kwamba ubuyu utamaliza mgogoro wa washairi. Anayetaka kuandika bila ya mizani aandike, na wapo walioandika vizuri. Lakini hesabu ya shairi ilizaliwa kwa watu waliokuwa wakipiga ngoma, wakivuta makasia, wakitwanga. Ilikuwa mikononi na midomoni kabla ya kuwa kitabuni. Ikirudishwa huko, hata kwa kokwa za kuchezea, mtoto huacha kuiogopa, kwani amekwisha kuishika.

Binti aliunakili ubeti katika daftari. Kisha akazila zile kokwa nane, kina kwa kina, akianzia safu ya kwanza. Ya mwisho akampa bibi. Bao likafutwa kwa kitambaa cha maji, likarudishwa uvunguni.