Kibati, Chuma na Amana

Katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona nchini Marekani, ipo nyumba ya makumbusho iitwayo Hall of Flame, iliyohifadhi magari ya zimamoto ya vizazi vingi. Chimbuko lake ni zawadi: mwaka 1955 George Getz alipewa na mkewe gari la American LaFrance la mwaka 1924.

Kulihuisha gari la namna hiyo ni kazi ya subira. Kwanza hutafutwa nasaba yake. Namba iliyogongwa kwenye kibati cha kiwandani hulinganishwa na ile ya injini, kwani kibati huweza kuhamishwa kutoka gari jingine. Kisha hutazamwa pampu, na minyororo ya kuzungusha magurudumu ya nyuma iliyofungwa katika magari mengi ya kiwanda hicho zama zile.

Vipuri vyake dukani havipo. Huombwa kwa wenye magari mabovu ya aina hiyo hiyo; visipopatikana, fundi huchukua vipimo vya kilichovunjika, akasubu kingine.

Hapo ndipo penye mtihani. Kipuri kipya si kosa. Kosa ni kukiita cha kale. Dini yetu imemwamuru muuzaji abainishe aibu ya bidhaa yake, hata ile isiyoonekana kwa jicho la mnunuzi. Basi mwenye kufufua chombo cha kale na aandike wazi: hiki ni cha asili, hiki nimekitengeneza. Nasi tuwafunze watoto wetu vivyo hivyo, hata wanapouza baiskeli kuukuu.